Anaoa, anaolewa: kumsoma Simone de Beauvoir taratibu

Kuna sentensi moja lazima umeshakutana nayo, kwenye stetasi ya mtu, kwenye fulana, au kwenye zile semina za jinsia ambazo mnakaa mpaka saa kumi mkisubiri posho: "mtu hazaliwi mwanamke, anafanywa mwanamke." Ni ya Simone de Beauvoir, Mfaransa, kutoka kitabu chake cha 1949 kiitwacho Le Deuxième Sexe, yaani jinsi ya pili. Hiyo tafsiri ina kasoro na nitairudia mwishoni, ila kinachonichekesha ni kwamba watu wawili wanaogombana kabisa unawakuta wote wameishikilia sentensi hiyohiyo, mmoja anasema unaona, mwili hauna maana yoyote, mwingine anasema unaona, hawa mafeministi wanakataa hata biolojia. Mi huwa najiuliza kama kuna hata mmoja kati yao amewahi kukifungua hicho kitabu, maana sentensi yenyewe haiko mwanzoni, iko mwanzo wa juzuu la pili, yaani mama wa watu aliandika juzuu zima la mamia ya kurasa kabla hajairuhusu itoke, na humo ndo mlimo na kazi ngumu yote.

Kwanza mtu mwenyewe, kwa haraka. Alizaliwa Paris tarehe 9 Januari 1908 kwenye familia yenye jina zuri na hela inayoisha. Babu yake mzaa mama alikuwa na benki, ikafilisika, na baada ya vita ya kwanza ya dunia baba naye mambo yakamwendea kombo. Hapa itabidi ugeuze kichwa kidogo, kwa sababu kwa Wafaransa wa tabaka lile mahari ilikuwa inatoka kwa familia ya binti kwenda kwa mwanaume, siyo kama kwetu, kwa hiyo baba akifilisika binti anakosa mume. Baba akawaambia wazi, yeye na mdogo wake Hélène, nyie hamtaolewa, mahari hamna, itabidi mkafanye kazi. Aliitoa kama habari ya msiba, na huo msiba ndo uliompeleka shule. Mwaka 1929, akiwa na miaka 21, alifanya mtihani wa taifa wa walimu wa falsafa, mtihani wa kutoa watu jasho, akashika namba mbili. Namba moja alikuwa Jean-Paul Sartre, baadaye mwanafalsafa maarufu, ambaye mwaka uliotangulia alifeli na sasa alikuwa anarudia. Hao wawili walikuwa pamoja mpaka Sartre anafariki 1980, bila ndoa, bila mtoto, kila mmoja na wapenzi wake pembeni, na hiyo stori ndo watu wanaipenda kuliko falsafa yenyewe so mi naiacha hapohapo.

Na Ufaransa ya wakati ule usiifikirie kama ile ya kwenye matangazo ya manukato. Wanawake walipata haki ya kupiga kura 1944 na kura ya kwanza wakapiga Aprili 1945, Simone ana miaka 37, ameshafundisha falsafa miaka na miaka na ameshatoa riwaya. Mke wa mtu mpaka sheria ilipobadilishwa 1965 alihitaji ruhusa ya mume kufanya kazi au kufungua akaunti benki. Na 1943, chini ya serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani wakati wa vita, mwanamke aitwaye Marie-Louise Giraud alikatwa kichwa kwa gilotini kwa kosa la kutoa wenzake mimba. Miaka sita baadaye kitabu kinatoka. Uzito wa vitu alivyothubutu kuviandika unauona vizuri ukikumbuka hilo panga.

Jinsi kitabu kilivyoanza ni stori nzuri na kaisimulia mwenyewe. Mwaka 1946 alitaka kuandika habari zake tu, za maisha yake, akajiuliza swali la utangulizi: kuwa mwanamke kumenifanyia nini mimi? Jibu la harakaharaka lilikuwa hakuna kitu bana, nimesoma, nina hela yangu, hakuna aliyenizuia. Sartre akamwambia lakini hata hivyo hukulelewa kama mvulana, hebu liangalie vizuri. Akaenda kuliangalia kwenye maktaba ya taifa, na alipotoka alikuwa ameshtuka, kagundua dunia aliyoishi yote ni ya kiume, hadithi zote alizolishwa utotoni zilitungwa na wanaume na yeye hakuwahi kuzipokea kama mvulana angezipokea. Ile habari yake binafsi ikawekwa pembeni. Mwaka uliofuata akasafiri Marekani miezi minne, akaona ubaguzi wa rangi kwa macho yake, mwandishi Mweusi Richard Wright alikuwa rafiki yake, na akakutana na ile hoja ya msomi wa Sweden, Gunnar Myrdal, kwamba tatizo linaloitwa la Weusi kimsingi ni la Wazungu. Akaibeba hiyo hoja mpaka kwenye kitabu chake, maana naye aliona kinachoitwa suala la wanawake siku zote kimekuwa suala la wanaume.

Kitabu kinafunguliwa na maneno ya Poulain de la Barre, Mfaransa wa karne ya 17, anayesema yote yaliyoandikwa na wanaume kuhusu wanawake yatiliwe shaka, kwa sababu wao ni mahakimu na hapohapo ni wahusika wa kesi. Sisi tungesema kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Sasa hoja kubwa, ile ambayo ukiikosa umekosa kitabu kizima, ni hoja ya Mwingine. Kwa Kifaransa neno homme lina kazi mbili, ni mwanaume na ni binadamu. Ukisema haki za homme, ni haki za binadamu, ila sikio linasikia na mwanaume humohumo. Simone anasema hiyo siyo bahati mbaya ya lugha. Mwanaume hahitaji kujieleza kuwa yeye ni mwanaume, yeye ndo kipimo, ndo kawaida, na mwanamke ndo anayeelezwa kwa kulinganishwa naye. Mwanaume ni Nafsi, mwanamke ni Mwingine. Siyo "mwingine" kama mgeni wa leo ambaye kesho ukienda kwake wewe ndo utakuwa mgeni, hapana, huko kwa kawaida mambo hugeuka, kijiji hiki kinawaona wale wa ng'ambo ya mto watu wa ajabu na wale nao wanakiona hiki cha ajabu, ngoma droo. Kwa mwanamke haijageuka. Amebaki Mwingine wa kudumu, na kibaya zaidi hata yeye akijiangalia anajiangalia kwa macho ya yule aliyemwita Mwingine.

Najua unachotaka kusema, sisi Kiswahili chetu hakina hilo tatizo. Mtu ni mtu. Kiambishi "a-" hakiulizi kama ni mke au mume, "amekuja" ni amekuja tu, unaweza kusimulia stori ya mtu kurasa tatu na msomaji asijue. Kweli kabisa, na najivunia. Lakini usisherehekee mapema. "Binadamu" yenyewe ni bin Adamu, mtoto wa kiume wa Adamu. Mkono wa kulia wazee wanauita mkono wa kuume, na wa kushoto ni mkono wa kike, na wote tunajua mkono upi unapewa chakula na upi unapewa kazi nyingine.

Halafu kuna vitenzi, na hapa ndo mi nilipomwelewa huyu mama, siyo kwenye vitabu vya kumwelezea. Mwanaume anaposa, mwanamke anaposwa. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Ndoa ikivunjika mwanaume anaacha, mwanamke anaachwa. Anatongozwa, anatolewa mahari, anapewa mimba, tena ile kali, "amezalishwa". Tukio moja, watu wawili, lakini sarufi imeshaamua nani mtendaji na nani mtendwa kabla hata hawajakaa kitandani. Na angalia inavyokuwa ukigeuza: mwanaume akienda kuishi nyumbani kwa mke, mtaani wanasema "jamaa kaolewa", na wanacheka, kwa sababu kumweka mwanaume upande wa "-wa" ni kumshusha. Hicho kicheko ndo ushahidi wenyewe. Simone alichukua kurasa karibu 1,000 kueleza kitu ambacho sisi tumekibana kwenye herufi mbili.

Haya, kwa nini basi hali imedumu hivi? Kwa nini wanawake hawakugeuza meza kama vikundi vingine vilivyoonewa? Alijiuliza hivyo na jibu lake linauma. Anasema wafanyakazi wanasema "sisi", Weusi wa Marekani wanasema "sisi", lakini wanawake hawasemi "sisi" isipokuwa kwenye makongamano. Wametawanyika. Hawana kijiji chao wala kiwanda chao, wanalala nyumba moja na haohao wanaowatawala, wamefungamana na baba na mume na mtoto wa kiume kwa nyumba, kwa hela na kwa mapenzi kuliko walivyofungamana na wanawake wenzao. Mke wa tajiri yuko upande wa tajiri, siyo upande wa mke wa kibarua. Vibarua wanaweza hata kuota dunia isiyo na matajiri, ila mwanamke hawezi kuota dunia isiyo na wanaume, kile kifungo ni cha aina yake.

Ndo tunakuja kwenye mwili, mahali watu wanapomsingizia zaidi. Sura ya kwanza kabisa ya kitabu ni biolojia tupu, kuanzia vijidudu na wadudu mpaka hedhi na uchungu wa kuzaa, ukisoma unaweza kudhani umechukua notisi za fomu tatu kimakosa. Hakatai kitu. Anasema mwili wa mwanamke ni moja ya vitu muhimu kabisa kwenye hali yake duniani. Anachokataa ni kwamba mwili unatosha kueleza kwa nini yuko pale alipo. Mwili siyo kitu, anasema, mwili ni hali, ni namna yetu ya kuushika ulimwengu. Chukua mfano wa nguvu za misuli: kwenye jamii ambayo sheria imekataza ngumi na mzigo unabebwa na mashine, huo udhaifu unabaki na maana gani? Inategemea jamii imeamua kuupa maana gani. Mimba ni mimba, lakini mimba ya mwenye likizo ya uzazi na mimba ya binti aliyefukuzwa shule ni vitu viwili tofauti kabisa japo daktari atavipima kwa kipimo kilekile.

Na kuna kaneno kadogo anakokashikia bango, kitenzi "kuwa". Mtu akisema "wanawake ni duni", Simone hakurupuki kusema hapana siyo duni. Anasema ndiyo, kwa ujumla leo hii wako chini, hali yao imewapa milango michache, lakini "ni" hapo maana yake "wamekuja kuwa", na swali ni kama tuendelee hivyo. Ana mfano kautoa kwa George Bernard Shaw, kwamba Mmarekani Mweupe anamsukuma Mweusi kwenye kazi ya kung'arisha viatu halafu anahitimisha kwamba huyu anafaa kung'arisha viatu tu.

Kwa hiyo juzuu la pili linapoanza na ile sentensi yetu maarufu, halitoki hewani. Anachofuata ni kumchukua mtoto wa kike tangu anyonye na kumfuatilia: mvulana anaambiwa panda mti, piganeni, usilie, msichana anaambiwa kaa vizuri, funga miguu, umependeza. Mvulana anajifunza mwili kama kitu cha kutumia, msichana anajifunza mwili kama kitu cha kuangaliwa. Anapewa mdoli, anambembeleza na kumvalisha, na taratibu anajifunza kwamba na yeye ni mdoli. Na wanaofanya kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ni wanawake, mama na bibi na shangazi, kwa mapenzi kabisa, kwa sababu wanajua dunia itakavyomfanya asipofundishika.

Sisi wa pwani na bara yake hatuhitaji Mfaransa atuambie hili. Tuna neno kabisa, kufundwa. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwari, anakabidhiwa kwa somo au kungwi, anachezwa unyago, anafundishwa kukaa, kulala, kuongea na mume, kujitunza, kunyamaza pale pa kunyamaza. Siku hizi mjini imebaki kicheni pati na kungwi wa kukodi mwenye maikrofoni, ila wazo ni lilelile, kwamba mwanamke hatokei tu, anapikwa akaiva. Nilikaa kwenye moja, kungwi anamwambia bibi harusi mambo mpaka akina mama wanapiga vigelegele na mi nikawa nawaza kwamba hapa ile sentensi ya Paris siyo uchokozi hata kidogo, kila mtu kwenye hili turubai anaiamini.

Lakini hapohapo nikaona na kitu ambacho Simone kimempita. Yeye anasema wanawake hawana "sisi". Huyo hakuwahi kuingia unyagoni. Mle ndani mwanaume haingii, nyimbo zake hazijui, wanawake wanacheka wanaume kuanzia kichwani mpaka chini, na yule kungwi ni mtu mwenye mamlaka hasa. Ni "sisi" ya kweli, ingawa, na hapa nakubali kumrudishia nusu ya pointi, ni sisi inayokutana ili kumwandaa mmoja wetu aende akaolewe.

Turudi kwake. Ana maneno mawili mazito ya kifalsafa ambayo nikiyatafsiri neno kwa neno tutalala wote, so niseme kwa lugha ya jikoni. Kuna kazi za kurudia na kutunza, na kuna kazi za kutoka nje ya ulipo na kuanzisha kitu ambacho jana hakikuwepo. Binadamu anahitaji zote mbili. Kilichofanyika ni kugawana vibaya, huyu akapewa kuanzisha, huyu akapewa kurudia. Kazi ya nyumbani anaifananisha na adhabu ya Sisifo, yule wa hadithi za Kigiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani na likifika juu linarudi chini. Umeosha vyombo, wamekula, osha. Umedeki, wamepita na matope, deki. Hakuna siku utasema nimemaliza kudeki, niangalie nimejenga nini. Hasemi kupika ni aibu wala mama wa nyumbani ni mjinga, anasema kumfungia mtu mmoja humo maisha yote halafu kumuita malkia wa nyumba ni utapeli.

Ila sasa, huyu aliyeyaandika haya aliishi hotelini miaka mingi, anakula mgahawani, anaandika akiwa amekaa Café de Flore, mgahawa wa Paris. Vyombo vyake alikuwa anaosha nani? Swali hili siyo langu peke yangu. Septemba 1979 kulifanyika kongamano New York la kuadhimisha miaka 30 ya kitabu, na mshairi Mweusi Audre Lorde akasimama hapo akawauliza wasomi wa Kizungu: nyie mnavyokuja kwenye makongamano ya nadharia za ufeministi, wanaosafisha nyumba zenu na kulea watoto wenu ni akina nani kama siyo wanawake maskini na wanawake wasio Weupe? Na akamnukuu Simone mwenyewe katika hotuba hiyohiyo, kwamba nguvu za kuishi tuzichote kwenye kuyajua mazingira halisi ya maisha yetu. Kwa lugha yetu hilo ni swali la hausigeli, na ndo swali ambalo kila dada mwenye ofisi na laptopu anayemnukuu de Beauvoir anatakiwa alijibu kabla hajaposti.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni pale anaposema wanawake wenyewe wanashiriki. Wengine wanasoma kama analaumu waliopigwa. Siyo hivyo, ana mstari wake anauchora kwa makini: ukiwa umeshushwa chini na mwingine, huna pa kutokea, huo ni uonevu, nukta, kosa siyo lako. Lakini ukiwa na mlango ulio wazi, ukauona, ukaamua kukaa ndani kwa sababu uhuru unatisha na kutunzwa ni kutamu, hapo unajidanganya na hilo ni kosa la kimaadili. Uhuru unatisha kweli, jamani. Ukiwa huru ukikosea ni wewe. Ukiwa unaongozwa ukikosea alikuongoza vibaya. Anasema wanaume wanawafaidi wanawake, sawa, lakini wanawake nao wanapewa rushwa ndogondogo za kuwa chini, kulipiwa, kutoamua, kulindwa, na wengi wanazipokea. Sura hizi ndo zinazowaudhi hata mashabiki wake, na mi naziona za ukweli kuliko zote.

Humo ndo mna sura yake ya mwanamke aliyependa. Anasema kwa mwanaume mapenzi ni kitu kimoja kati ya vitu anavyofanya, kwa mwanamke aliyefungiwa milango mingine yanakuwa dini. Kwa kuwa hawezi kuwa mungu mwenyewe, anaamua kumfanya mtu fulani mungu halafu aishi kupitia yeye, anasubiri simu, anakuwa "sisi" ya watu wawili ambapo kwa kweli ni mtu mmoja na kivuli chake. Halafu mungu anakoroma, mungu ana madeni, mungu anachoka, na mwabudu anamchukia kwa kuwa binadamu. Dawa yake haikuwa watu waache kupenda. Alitaka mapenzi ya watu wawili walio huru wanaotambuana hivyo, ambapo mwanamke anapenda kwa nguvu zake na siyo kwa udhaifu wake. Naye alikuwa anaandika akiwa kwenye moto huohuo, ana mpenzi Chicago, mwandishi Nelson Algren, waliyekutana 1947, na pete aliyompa ndo alizikwa nayo 1986. So usidhani anawacheka wanaopenda sana.

Kitabu kilipotoka 1949, juzuu la kwanza liliuza nakala 22,000 wiki ya kwanza tu, matusi yakamfuata mpaka mgahawani. Mwandishi mkubwa Mkatoliki François Mauriac akamwandikia mmoja wa wafanyakazi wa jarida la Simone na Sartre kwamba sasa viungo vya siri vya bosi wako havina siri tena kwangu. Mwandishi Albert Camus, rafiki kabisa, akalalamika kwamba amemfanya mwanaume wa Kifaransa kichekesho. Vatikani ikakipiga marufuku 1956. Tafsiri ya Kiingereza ya 1953 akapewa profesa wa zuolojia, Howard Parshley, ambaye kwa maelekezo ya mchapishaji alikata sehemu kubwa, nyingi zikiwa za historia ya wanawake, na maneno ya falsafa akayatafsiri kama yanavyosikika, kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne waliomsoma kwa Kiingereza walikuwa wanabishana na mtu aliyepunguzwa. Tafsiri kamili ilikuja 2009.

Makosa yake yapo na siyo madogo. Kuhusu uzazi anaandika kama mtu anayeelezea ugonjwa, mama zetu wangemshangaa. Analinganisha mara kwa mara "wanawake" na "Weusi" kana kwamba hakuna mtu aliye vyote viwili. Na mwanamke wake huyu wa jumla, ukimkwangua kidogo chini unakuta Mfaransa wa tabaka la kati. Msomi wa Nigeria Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí alikuja kusema 1997 kwamba kwa Wayoruba kabla ya ukoloni jinsia haikuwa nguzo ya kupanga watu, kilichopanga watu ni ukubwa wa umri na nani alitangulia kwenye ukoo, na lugha yao kama yetu haina "he" na "she" za kutenganisha. Anabishaniwa sana naye, ila pointi yake inagonga. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu, mwanamke mwenye mali asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari na anaoa mwanamke mwenzake, watoto wanakuwa wa nyumba yake. Hapo sarufi yangu yote ya juu inapata ufa, mwanamke anaoa, kitenzi cha kutenda kabisa. Japo angalia yule wa pili, bado anaolewa. Kiti cha mtendwa hakijaondoka, amebadilika tu aliyekaa kile kingine.

Na kuna lile la wanafunzi wake. Mwaka 1943 alisimamishwa kazi ya ualimu baada ya mzazi wa mwanafunzi mmoja kulalamika, na 1993, yeye ameshafariki, mwanafunzi mwingine wa zamani alitoa kitabu akieleza alivyoumizwa na uhusiano wake na mwalimu huyo na Sartre. Mtu aliyeandika vizuri kiasi kile kuhusu kumgeuza mwenzako chombo, alifanya hivyo mwenyewe. Sioni haja ya kumtetea hapo.

Kinachomfanya nimheshimu ni kwamba alibadilika hadharani. Mwaka 1949 aliamini ujamaa ukija mambo ya wanawake yatajipanga yenyewe, na hata jina la mfeministi hakulitaka. Kwenye vita ya Algeria, mwaka 1960, aliandika kwenye gazeti la Le Monde kumtetea Djamila Boupacha, binti wa Kialjeria aliyeteswa na kudhalilishwa na askari wa Kifaransa, nchi yake mwenyewe ikamwona msaliti. Aprili 1971 ndo aliyeandika lile tamko la wanawake 343 waliosema hadharani tumetoa mimba, wakati ni kosa la jinai, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 64, akasema sasa mimi ni mfeministi, nimeona nchi za kijamaa na wanawake wake bado wanaosha vyombo baada ya kazi. Sheria ya kuruhusu utoaji mimba Ufaransa ikatangazwa rasmi Januari 1975.

Sasa ile kasoro niliyoahidi. Waingereza na Wamarekani wamegombana miaka na miaka kuhusu herufi moja, Parshley aliandika mtu anakuwa "a woman", watafsiri wa 2009 wakaitoa ile "a", wakisema mtu anakuwa "woman" tu, na maana inabadilika. Kiswahili hakina hiyo "a" kwa hiyo ugomvi wao hautuhusu. Wetu uko kwenye kitenzi. Kifaransa chake kinasema on le devient, mtu anakuwa hivyo. Siyo anafanywa. "Anafanywa" ni ile "-wa" ileile ya kuolewa na kuachwa, inamweka msichana alale chini, jamii imfinyange kama chungu, yeye hana mkono wake humo. Angeandika hivyo, sura zote za kujidanganya na kupokea rushwa zingekuwa hazina pa kukaa, na ya mwisho, ya mwanamke anayejitegemea, ingekuwa ndoto tu. Lakini "anakuwa" peke yake nayo inasikika kama mtoto anayekua urefu, kama haijafanywa na mtu yeyote, na mle turubaini nilimwona kungwi kwa macho yangu. Nimejaribu "anafundwa akawa", imekaa vizuri mdomoni, ila nadhani ndugu zangu wa semina wataona ndefu sana kwa fulana.